Ndugu yako kadakwa na hujui yuko kituo gani? Namna ya kumtafuta, kumwona na kumfuatilia mpaka atoke

Naandika hii kwa sababu mwaka juzi mdogo wangu alizolewa kijiweni kwenye msako, simu ikazimwa, na sisi nyumbani tukazunguka vituo vitatu mpaka saa nane za usiku, kumbe kituo cha pili ndo alikuwemo. Kaunta tulitaja jina lake la shule, wao walikuwa wamemwandika jina la mtaani na jina la babu, askari akapitisha macho kwenye kitabu akasema "hatuna huyo", tukaondoka. Hakutudanganya yule afande. Sisi ndo hatukujua kuuliza, na mambo mengi ya kutafuta mtu aliyewekwa ndani ni hayohayo, kujua kuuliza.

Nitaongelea sana Dar maana ndo nakokujua, ila utaratibu wa sheria ni mmoja Tanzania Bara nzima. Zanzibar wana sheria zao, nitawagusa kidogo mbele.

Kabla hujatoka nyumbani

Tulia dakika kumi kwanza. Mtafute mtu aliyeona tukio umuulize: waliomchukua ni akina nani, walimchukulia wapi hasa, saa ngapi, na gari lilielekea wapi. Hilo swali la "akina nani" ndo linaamua uende wapi. Kama ni difenda (gari la doria la polisi) yenye maandishi na askari wenye sare, anza na kituo kilicho karibu na ALIPOKAMATIWA, sio anapoishi, hapa watu wanakosea kila siku, mtu anakaa Mbagala kadakwa Sinza halafu ukoo mzima unakesha Mbagala. Kama ni watu wa kiraia na gari la kawaida, mara nyingi hao ni wapelelezi na wanaweza kuwa wametokea wilayani au mkoani kabisa, kwahiyo kituo kidogo cha mtaani hawatakuwa na habari naye hata kidogo. Dar polisi wamegawana mikoa yao ya kipolisi, Ilala, Kinondoni na Temeke, yote iko chini ya Kanda Maalum, ndo maana ukikosa vituo vidogo unapanda vikubwa: Oysterbay kwa upande wa Kinondoni, Chang'ombe kwa Temeke, na Central pale mjini karibu na stesheni ya reli.

Mgambo wa jiji wakimbeba mama ntilie au machinga, ulizia kwanza ofisi ya kata au manispaa, kesi zao nyingi huishia kwenye faini. Mgeni asiye na vibali ulizia Uhamiaji. Halafu kuna ile ya mkuu wa wilaya au mkuu wa mkoa kusema "mweke ndani huyu": sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu masaa 48 tu, anatakiwa aandike sababu, na masaa yakiisha bila mtu kufikishwa mahakamani anatakiwa aachiwe. Aliyewekwa ndani hivi naye utamkuta polisi, wilaya hiyohiyo.

Beba kitambulisho chako (cha NIDA kikiwepo ndo vizuri), picha yake kwenye simu, daftari na peni, na kama anatumia dawa za presha, sukari, pumu au ARV zibebe na cheti cha hospitali. Nendeni wawili. Mkienda kumi na wawili mnalia, kaunta wanawaona fujo. Mtu mmoja abaki nyumbani na simu yenye chaji, maana wakati mwingine askari mwenye roho nzuri anampa mahabusu simu apige mara moja, na itapigwa namba anayoikumbuka kichwani, ambayo mara nyingi ni ya mama.

Pale kaunta

Salimia. Kama ni mtu mzima shikamoo, kama ni kijana mwenzio "habari za kazi afande". Usianze na haki zako, zipo, zitakuja zamu yake, ila mtu aliyeanza zamu jioni na kitabu kimejaa ukimfokea atakwambia subiri OCS (mkuu wa kituo) asubuhi na hapo umeshakwama. Mimi nasema hivi: "Afande, naomba msaada, namtafuta ndugu yangu, kachukuliwa leo jioni pale sehemu fulani, naomba uniangalizie." Halafu taja majina YOTE, la shule, la baba, la babu, la utani, ubatizo, ukoo. Mwonyeshe picha. Na hili ndo lilitukosesha mdogo wetu: omba askari aite majina hayo pale mlangoni kwa mahabusu, asiishie kwenye kitabu tu. Dakika moja, na mwenyewe ataitika.

Ukiambiwa hayupo usikate tamaa haraka. Difenda ya doria inaweza kuzunguka na watu nyuma masaa mawili matatu kabla haijashusha, na mtu hajaandikwa popote mpaka ashushwe. Uliza "doria ya leo imesharudi?" Kama bado, kaa hapo nje kwenye benchi.

Ukiambiwa yupo, kabla hujaomba kumwona chukua vitu vinne uviandike kwenye daftari: kosa analotuhumiwa, namba ya jalada, jina la mpelelezi, na saa aliyoingizwa. Namba ndo kila kitu. Inaanza na herufi za kituo, halafu RB kama ni taarifa iliyofunguliwa kaunta, au IR kama jalada la uchunguzi limeshafunguliwa, halafu namba na mwaka. Ukiwa nayo kesho yake hata akikaa zamu mtu mwingine humwelezi historia nzima, unamtajia namba. Usipokuwa nayo kila siku unaanza upya. Saa aliyoingizwa nayo ina kazi, masaa 24 yanahesabiwa, ntaeleza.

Vituo vyote umemaliza hayupo

Hapo geuza swali. Usiseme tena "namtafuta mtuhumiwa", sema "nataka kutoa taarifa ya mtu kupotea", na usiondoke bila RB yake. Sasa lipo kwenye kitabu chao kwamba familia imelalamika siku fulani saa fulani. Pita hospitali pia, Amana, Mwananyamala, Temeke, Muhimbili, majeruhi na, samahani kusema, mochwari. Asubuhi omba kumwona OCS, akikuzungusha panda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), halafu RPC (kamanda wa polisi wa mkoa). Siku ya pili ikipita na una ushahidi kwamba ni polisi waliomchukua, tafuta wakili, yapo maombi yanapelekwa Mahakama Kuu ya kuwaamuru walete mtu waliyemshika, mawakili wanayaita hebiasi kopasi. Mara nyingine wakili akishaandika barua tu ya kuulizia, mtu "anaonekana".

Kumwona na kumpelekea chakula

Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema mtu aliyezuiliwa akiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, askari anatakiwa amwezeshe. Kuna sababu wanaweza kukataa kwa muda, mfano wakiona mawasiliano yatawafanya wenzake watoroke au ushahidi upotee, lakini "leo hatutaki" sio sababu. Ukikataliwa omba kwa upole aliyekataza ni nani na mpaka lini, andika.

Chakula unapeleka asubuhi, mchana na jioni kwa muda wa kituo husika, na utaambiwa uonje mbele yao, usikasirike, onja. Weka kitu kikavu na rahisi kukagua, chapati, wali maharage kwenye kontena la plastiki, maji. Samaki wa miba na nyama ya mifupa acha nyumbani, chupa za glasi ndo usithubutu. Peleka chakula cha kuzidi kidogo kwa sababu mle ndani hatakula peke yake, na mahabusu mgeni asiye na cha kugawa anapata tabu. Nguo: sweta na suruali isiyo na kamba, mkanda na kamba za viatu wanavua kaunta. Dawa mkabidhi askari pamoja na cheti na uhakikishe imeandikwa.

Sasa zile dakika tano za kuonana, hapa ndo naomba unisikilize. Askari amesimama pembeni na anasikia. USIMUULIZE "kweli ulifanya?" Wala asikusimulie kesi. Muulize: umepigwa? umekula? umeshaandika maelezo, umesaini? simu na hela zako zimeandikwa kaunta? nimpigie nani kazini? Halafu mwambie yeye mambo mawili. La kwanza, anayo haki ya kukaa kimya mpaka wakili au ndugu awepo wakati anaandika maelezo ya onyo, ndo yanaitwa hivyo, na akishasaini yanaweza kusomwa mahakamani hata kama baadae atasema alikuwa amechoka. La pili, asisaini karatasi ambayo hajasomewa. Kuhoji kuna muda wake pia, kimsingi ni masaa manne tangu aanze kushikiliwa na wanaweza kuongeza, na mawakili wamewahi kuangusha maelezo mengi tu mahakamani kwa sababu yaliandikwa nje ya muda, kwahiyo ile saa uliyoandika kwenye daftari inaweza kuja kumwokoa mtu miezi sita mbele.

Kama kapigwa au anaumwa, omba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na apelekwe hospitali, omba kwa OCS sio kwa askari wa zamu tu, na mwandike jina uliyemwambia.

Dhamana ya polisi

Ni bure. Narudia kwa mwenzangu na mie anayesoma huku ameshika laki mbili mkononi, DHAMANA NI BURE, vituo vingi wameibandika hadi ukutani. Kinachotakiwa ni mdhamini, mtu mzima mwenye makazi yanayojulikana, na kitambulisho, mara nyingi na barua ya serikali ya mtaa. Barua unaipata kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa unaoishi wewe mdhamini, sio wa mtuhumiwa, kwahiyo ukijua kesho unaenda kudhamini mpigie mwenyekiti wako usiku huohuo akuandikie alfajiri. Wikiendi dhamana ipo, yule anayekwambia mpaka Jumatatu mwulize kwa upole kama OCS hayupo kabisa au kuna anayekaimu.

Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, apewe dhamana au afikishwe mahakamani ndani ya masaa 24. Najua, najua, inavyokuwa mtaani ni tofauti, mtu analala siku nne "upelelezi unaendelea". Lakini mtu ambaye ndugu zake wanakuja kila asubuhi na namba ya jalada na saa aliyoingia hasahauliki kirahisi kama yule asiyeuliziwa.

Akipandishwa karandinga

Mpelelezi akikwambia "leo anaenda mahakamani", uliza mahakama gani na uwahi saa mbili asubuhi. Kesi ndogo zinaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, nyingine ya Wilaya au Hakimu Mkazi, kama Kisutu pale mjini. Ukifika tafuta karani, mpe jina, uliza hakimu na chumba. Andika namba ya kesi, sasa hiyo ndo inachukua nafasi ya ile ya polisi.

Wadhamini waje siku hiyohiyo wakiwa kamili, wawili kama hujui watatakiwa wangapi, vitambulisho, barua za mtaa, picha ndogo za pasipoti. Mfanyakazi aje na barua ya mwajiri na kitambulisho cha kazi. Kesi zenye mali nyingi zinabadilika: ikizidi shilingi milioni 10, mahakama inatakiwa idai nusu ya thamani, pesa taslimu au hati ya mali isiyohamishika, ndo unaona watu wanahangaika na hati za nyumba za mashangazi. Na yapo makosa hayana dhamana kabisa, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi na mengine, hapo usimpe mtu hela akidai "anaongea na hakimu". Wale wadhamini wa kukodi wanaozungukazunguka nje ya geti la mahakama achana nao pia, barua zao za kughushi zikigundulika matatizo yanarudi kwa mtuhumiwa wako.

Wakili unamhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa mahakama, unaandika jina lake unaona kama ana leseni hai. Vishoka wenye suti wamejaa. Kama huna uwezo, ipo sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) wanasaidia bure, TAWLA hasa kina mama.

Rumande

Dhamana ikikwama anaenda rumande, yaani gerezani, na sheria za huko ni za magereza sio za polisi tena. Dar wanaume wengi wanaosubiri kesi wanaenda Keko au Segerea, wanawake Segerea, Ukonga kuna wafungwa na kesi nzito. Mikoani kuna Isanga Dodoma, Butimba Mwanza, Kisongo Arusha, Karanga Moshi, Ruanda Mbeya, Maweni Tanga. Usikisie, karani wa mahakama anajua karandinga limepeleka wapi.

Siku za kutembelea zilizozoeleka ni wikiendi na sikukuu, foleni inaanza asubuhi mapema, unaandikisha jina lako na lake, simu unaacha nje, unaongea naye mkiwa mmetenganishwa na mnapigiana kelele na familia nyingine ishirini, kwahiyo andika pembeni mambo matatu muhimu uyaseme kwanza. Nenda Ijumaa au mpigie mtu anayeendaga gereza hilo umuulize vitu gani vinapokelewa wiki hii, sabuni, dawa ya meno, ndala. Hela humpi mkononi, unaiandikisha kwa askari getini. Barua anaruhusiwa kuandika na kupokea, zinasomwa, kwahiyo habari za kesi zisiwemo.

Tarehe za kesi kutajwa nazo ni nafasi ya kumwona. Aliye ndani kesi yake haitakiwi kuahirishwa zaidi ya siku 15 kila mara, ndo ile "wiki mbili wiki mbili". Ila siku hizi kutajwa kunafanyika pia kwa video kutokea gerezani, muulize karani siku moja kabla usije ukapanda daladala mbili ukamkuta kwenye skrini. Na wadhamini wakipatikana katikati, husubiri tarehe, unaomba mahakamani itolewe rimuvu oda, ni amri ya kumtoa gerezani aletwe adhaminiwe.

Matapeli

Ukiposti "tumempoteza kaka yetu" na namba ya simu, ndani ya saa moja utapigiwa na "afande" anakwambia yuko naye, tuma laki na nusu kwa namba hii kabla hajapelekwa mahakamani. Mwambie ampe simu mhusika, au ataje jina la mama yake. Atakata. Faini za kweli za mahakama zinalipwa kwa kontrol namba ya serikali na unapewa risiti, hazilipwi kwa jina la mtu.

Watoto, Zanzibar, na mlioko nje

Aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuchanganywa na watu wazima. Beba cheti cha kuzaliwa, taja umri wake mapema pale kaunta, omba aitwe afisa ustawi wa jamii. Dar kuna mahabusu ya watoto Upanga.

Zanzibar ukiulizia "gereza" utaeleweka ila wenyewe wanaita Chuo cha Mafunzo, na wakili utafute wa hukohuko.

Wewe uliyeko Muscat au Minnesota unapiga simu vituoni usiku kucha, nakuelewa, lakini kaunta hawatoi habari za mahabusu kwa sauti ya simu. Hela ya nauli mtumie binamu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, mpe majina yote na picha, aende mwenyewe kituoni.

Siku ya kutoka

Usimwache atoke peke yake. Amri ya kuachiwa inatembea kwa karatasi, kutoka mahakamani hadi gerezani inaweza kuchukua mpaka jioni, beba maji na nauli ukae getini. Kama alitokea polisi, rudini kaunta na ile orodha ya vitu alivyovua, simu, pochi, saa, mkanda, hesabu kimojakimoja mbele ya askari, na washa simu uone laini ipo ndani kabla hajasaini kwamba amepokea.